Dinari Mbili na Ahadi ya Kurudi

Kati ya maswali ambayo ndugu humletea mchungaji baada ya ibada, wakisubiri kwanza watu wapungue mlangoni, lipo moja linalozidi kusikika: mama amesahau kila kitu, tumpeleke wapi? Anayeuliza huwa anaona aibu. Kwetu kumtoa mzazi nyumbani kunafikiriwa kuwa sawa na kumtupa, na hakuna anayetaka kuitwa mtu aliyemtupa mama yake. Lakini swali lenyewe halina aibu. Linaulizwa na mtu aliyechoka, na mara nyingi ameuliza kwa sababu anampenda huyo mama.

Makala haya hayatasema peleka au usipeleke. Yanaanza na swali linalotangulia: tutajuaje kwamba mahali fulani, au mtu fulani, anamtunza vizuri mzazi ambaye hawezi tena kutueleza anavyotendewa? Mtoto aliyeko bweni akinyimwa chakula atasema likizoni. Mgonjwa wa mguu atasema nesi ni mkali. Mzazi aliyepoteza kumbukumbu anaweza kulalamika kwamba hajala wakati amemaliza kula sasa hivi, na kesho akasema ameshiba wakati sahani yake ilichukuliwa bila kuguswa. Shahidi mkuu hayupo. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na ndipo dhamiri zetu zinapojaribiwa, kwa sababu tunaweza kufanya vibaya na asitokee wa kutushtaki.

Mji wetu wa Tunduma unaufanya ugumu huo kuwa mkubwa zaidi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hupanga foleni kando ya barabara kuu, na bodaboda hupenya katikati yake usiku na mchana. Bibi aliyeletwa hapa kutoka Ileje, Momba au vijiji vya Mbozi baada ya kufiwa na mumewe hakuifahamu mitaa hii hata alipokuwa na kumbukumbu zake zote. Siku anapoamka saa nane za usiku na kufungua komeo ili awahi kuchuma kahawa kwenye shamba lililouzwa zamani, hatari iko hatua chache kutoka mlangoni. Mwanawe ana duka, mkwewe ana meza sokoni, wajukuu wako shule. Nani abaki naye?

Kwanza tuuite ugonjwa kwa jina lake. Kusahau kwa namna hii si uzee tu, si laana, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo ambao madaktari huuita demensia, na aina yake inayojulikana zaidi ni ile ya Alzheimer. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta kwamba takriban watu 6 katika kila 100 walikuwa nao. Hai ni vijiji vya wakulima kama vyetu.

Jina sahihi la ugonjwa linaweza kuokoa maisha. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, hasa kanda ya Ziwa, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Bibi anayekutwa usiku nje ya nyumba ya jirani, nguo zimemvuka, akinong'ona majina ya watu waliokufa, yuko katika hatari ya watu kuliko ya baridi. Familia inayowaambia majirani mapema kwamba mama ni mgonjwa, ugonjwa wake ni huu, na mkimwona mtupigie simu, imeshafanya tendo la kwanza la matunzo. Tendo la pili ni hospitali. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya. Si kila anayechanganyikiwa ana demensia. Maambukizi mwilini, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, sonona na hata mchanganyiko wa dawa vinaweza kumfanya mzee aonekane amepoteza akili, na baadhi ya hayo yanatibika. Maombi hayazuii kipimo cha damu.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali la mahali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inaiona familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo yake. Makazi ya wazee ni njia ya mwisho. Makazi ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga mjini Morogoro, yamekusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Yapo pia makazi yanayoendeshwa na mashirika ya dini. Lakini kwa familia ya kawaida ya hapa, kumpeleka mzazi mahali maana yake ni jambo jingine: kumwajiri dada wa kazi, kumrudisha kijijini kwa shangazi na kutuma fedha kwa simu kila mwezi, kumlipa jirani ashinde naye, au, kwa wengine, kumwacha kwenye kambi ya maombi kwa wiki nyingi. Hayo yote ni makazi, hata kama hayana kibao getini, na yote yanastahili kupimwa.

Hapa kuna pingamizi ambalo watu huliwaza bila kulisema. Kama mama hatakumbuka kesho kwamba nilimtembelea leo, kuna faida gani kumtembelea? Kama atasahau kwamba alifokewa, ameumia kwa kiasi gani? Pingamizi hili lina mizizi mirefu. Mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, John Locke, alifundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa yuleyule jana na leo ni ufahamu wake unaoyafikia mambo aliyoyatenda zamani. Ukilifuata wazo hilo hadi mwisho, aliyepoteza kumbukumbu zake ameanza kuondoka, na tunayemwosha na kumlisha ni mabaki tu.

Kuna majibu matatu. La kwanza linatoka kwa watafiti. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu fupi za kuhuzunisha na za kufurahisha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha yao iliendelea. Jambo lilikuwa limesahaulika na maumivu yake yamebaki. Basi mama aliyefokewa asubuhi anaweza kushinda na uchungu asioujua chanzo chake, na aliyeshikwa mkono akaimbiwa anaweza kulala kwa amani bila kujua nani alimwimbia. Ziara yako haikupotea.

La pili linatoka kwetu. Mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwa watu wetu mtu hawi mtu peke yake. Yupo kwa kuwa wenzake wapo. Alieleza pia kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina bado anahesabiwa kuwa miongoni mwa jamaa. Kama jamaa wanaweza kumhesabu aliye kaburini kwa sababu wanalikumbuka jina lake, haiwezekani wamfute aliye kitandani kwa sababu yeye ameyasahau majina yao.

La tatu linatoka katika Maandiko. Sura ya 49 ya Isaya inauliza kama mama anaweza kumsahau mtoto aliyemnyonyesha. Wengi wetu tumelisikia swali hilo kana kwamba jibu ni hapana. Lakini nabii anasema ndiyo, hao wanaweza kusahau. Asiyesahau ni Mungu. Mtu ambaye mama yake amemtazama usoni na kumuuliza wewe ni mtoto wa nani anajua kwamba neno hilo ni kweli kwa jinsi ilivyo. Uhai wa mama huyo haujashikwa na kumbukumbu zake mwenyewe, na haujawahi kushikwa nazo. Unashikwa na Yeye anayemkumbuka. Sisi tunaomtunza tumeombwa tuishi kama watu wanaoliamini hilo.

Basi tunampimaje anayemtunza? Msaada mzuri unatoka kwa Tom Kitwood, Mwingereza ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa mwalimu na kasisi wa shule nchini Uganda, kisha akawa msomi wa Chuo Kikuu cha Bradford. Yeye na wenzake walibuni njia rahisi kuieleza: keti chumbani walipo wagonjwa, nyamaza, tazama kwa saa kadhaa, na kila baada ya dakika 5 andika nini kinampata kila mmoja. Hakuanzia kwenye madaftari ya ofisi wala rangi ya kuta. Alitaka kujua saa hiyo ilikuwaje kwa mgonjwa. Katika kitabu alichotoa mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliorodhesha namna ambazo mtu hupunguzwa utu wake polepole: kudanganywa, kutishwa, kufanywa mtoto, kuharakishwa, kuzungumzwa mbele yake kana kwamba hayupo, kuchekwa, kupuuzwa anapoita. Kitwood alisisitiza kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi si watu wabaya. Wamechoka, na wamezoea.

Njia hiyo haihitaji shahada. Ukitaka kujua mahali alipo mzazi wako, nenda bila taarifa, na usiende saa ya wageni. Nenda wakati wa kula. Je, analishwa kwa haraka, kijiko kinafuata kijiko kabla hajameza, au mlishaji ameketi usawa wa macho yake? Nenda jioni giza linapoingia, maana wengi wao huhangaika zaidi saa hizo. Tazama kucha zake. Nusa godoro. Angalia midomo kama imekauka, kwa kuwa asiyekumbuka kiu hufa kwa kiu akiwa karibu na maji. Angalia kama nguo aliyovaa ni yake, na kama miwani yake iko usoni au kabatini. Uliza usiku wanabaki watu wangapi. Ukikuta kamba, mnyororo au pingu, hata kwenye kambi ya maombi, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya pepo, mchukue mzazi wako siku hiyohiyo. Ukikuta kila mzee amelala mchana kutwa, uliza wanapewa dawa gani, na nani aliyeziandika.

Kisha sikiliza anaitwaje. Mwanamke aliyeitwa Mama Fulani kwa miaka 50, aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, asiitwe kwa namba ya kitanda wala kabibi. Muulize mtunzaji anajua nini kumhusu: alikuwa mkulima au mwalimu, anapenda chai na maziwa au ya rangi, alikuwa akiimba sauti ipi kwaya. Asiyejua lolote hajapata nafasi ya kumtunza mtu. Ametunza mwili tu. Na kama hajui, tujiulize kama sisi tuliwahi kumwambia.

Lipo swali moja zaidi la kumuuliza mtunzaji, na jibu lake litakufundisha mengi. Mzee akimuulizia mkewe aliyezikwa miaka mingi iliyopita, unamjibuje? Ukimwambia kila siku kwamba amekufa, kila siku unampa msiba mpya. Ukimwambia ameenda sokoni, umesema uongo, naye atakaa mlangoni akimngoja. Mtunzaji mwenye hekima hujibu kile kinachotafutwa ndani ya swali: umemkumbuka mama leo, hebu niambie, alikuwa akipika nini siku za sikukuu? Hapo hakuna uongo, na mzee amepata alichokuwa akikihitaji, yaani mtu wa kukaa naye katika upweke wake. Anayeweza kujibu hivyo amejifunza jambo ambalo fedha peke yake hainunui.

Sasa tuchukue kipimo hiki tuingie nacho nyumbani kwetu, maana hapo ndipo wengi wa wazazi hawa walipo. Tumezoea kudhani kwamba nyumba yenye damu moja imeshafaulu mtihani bila kuufanya. Je, nyumbani kwangu mama anazungumzwa mbele yake kana kwamba hayupo? Watoto wanacheka anapovaa kanga juu ya kichwa badala ya kiunoni? Mlango umefungwa kwa nje kwa sababu ya malori, au kwa sababu tunataka kwenda sokoni bila wasiwasi? Kufuli ni lilelile, lakini jambo si lilelile. Kufuli la kumlinda lina mtu ndani pamoja naye. Kufuli la kutuondolea wasiwasi linamwacha peke yake na jiko la mkaa.

Na tumtazame mwanamke anayebeba kazi yote. Mara nyingi ni mkwe au binti mmoja ambaye hajaolewa, ambaye ndugu wote wamekubaliana, bila kumuuliza, kwamba kazi hii ni yake. Hajalala usiku mzima kwa miezi. Anafua mashuka kila asubuhi. Kaka zake hutuma fedha na kupiga simu kumweleza jinsi ya kufanya. Siku anapomfokea mama, wote watashangaa. Au ni dada wa kazi, binti mdogo kutoka kijijini, analipwa kidogo na kwa kuchelewa, ameachiwa mgonjwa mzito kuliko yeye. Waraka wa Yakobo unasema kilio cha vibarua walionyimwa ujira kimefika masikioni mwa Bwana. Ubora wa matunzo ya mama hauwezi kuzidi sana matunzo tunayompa anayemtunza.

Hapo ndipo inaonekana kwamba kumkabidhi mzazi kwa mwingine si dhambi kwa lenyewe. Fikiria habari ya Msamaria katika Luka 10. Tunakumbuka mafuta na divai, tunasahau kwamba Msamaria naye alimkabidhi majeruhi kwa mtu mwingine. Hakumchukua nyumbani kwake. Alimfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule, na asubuhi akatoa dinari mbili, akamwomba mwenye nyumba amtunze, akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakaporudi. Kisha akaendelea na safari yake. Bwana Yesu hakumlaumu kwa kuondoka.

Weka kando yake habari nyingine ya fedha na wazazi, ile ya Marko 7. Bwana anawakemea watu wanaowaambia baba na mama zao kwamba msaada uliokuwa wenu umekuwa Korbani, umetolewa kwa Mungu. Sadaka imetumika kufunga mlango wa mzazi. Hawa nao wametoa, na pengine wametoa zaidi ya dinari mbili.

Kuna tofauti gani kati ya hao na Msamaria? Si kiasi cha fedha. Msamaria alikaa usiku mmoja kabla ya kutoa, hivyo alijua majeraha yako wapi na mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Na fedha yake ilikuja na ahadi ya kurudi. Mwenye nyumba alijua kwamba siku moja, asiyojua ni lini, mtu huyu atasimama mlangoni aulize. Korbani ni fedha inayotolewa ili nisirudi. Mwana aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo anaweza kuwa Msamaria, na anayeishi chumba cha pili anaweza kuwa mtu wa Korbani. Wapo vijana wa Afrika Mashariki wanaowaosha wazazi wa watu wengine katika nyumba za wazee za Uingereza na Marekani ili watume fedha za mama zao waoshwe huku. Wasihukumiwe kwa umbali. Waulizwe tu, kama sisi sote: mara ya mwisho ulikaa usiku mmoja lini, na anayemtunza anajua kwamba utarudi?

Usharika nao unaweza kurudi kwa niaba ya wasioweza. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zinajua kila mlango. Watu wawili wakishinda na mama siku moja kwa juma, binti yake atalala, atakwenda kliniki, atakwenda kusuka nywele. Wasilete hotuba. Walete nyimbo, kwa maana wazee wengi waliosahau majina ya watoto wao bado wanazijua tenzi walizofundishwa utotoni, na mzee asiyeweza kusema sentensi anaweza kuimba ubeti. Mchungaji asimfute katika orodha ya Meza ya Bwana kwa hoja kwamba haelewi. Hata tunaojiona tunaelewa, tunaikaribia meza hiyo kwa neema tu. Na walio karibu watazame kwa upendo kucha, midomo na godoro, waseme wanachokiona.

Mwenye nyumba ya wageni katika mfano ule hakupewa jina, wala hatuambiwi kama alifanya kazi yake vizuri. Kipimo cha kazi yake kiliachwa kwa siku ya kurudi kwa Msamaria. Mzazi wako huenda hatajua kwamba umerudi. Anayemtunza atajua, nawe utajua, na mama atakuwa na jioni moja ambayo mdomo wake haukukauka.